Yafaayo Kutazamwa Katika Mji wa Rochdale

Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama katika maadhimisho ya miaka kumi ya Umoja wetu



Tumeagizwa tuwasimulie habari za mji wa Rochdale ulioko Uingereza, tulikokwenda watu watatu mwaka 2024 kwa idhini ya mkutano wenu mkuu. Twajua kwamba wako baadhi yenu walionung'unika juu ya nauli yetu, wakauliza mji huo una nini hata watu watoke Kanda ya Ziwa waende kuutazama. Swali hilo lilikuwa la haki, kwa kuwa fedha ni zenu. Kwa hiyo hatukuja hapa kutoa shukrani na sifa tu. Tutawapitisha katika mji ule njia kwa njia, kama tulivyopitishwa sisi, tuwaonyeshe tulivyoviona kuwa vyafaa kutazamwa, kisha mtapima wenyewe kama nauli ilikwenda bure.

Jina lenyewe hamlisikii leo kwa mara ya kwanza. Kila aliyepata kukaa katika semina ya ushirika amelisikia. Mwalimu huandika ubaoni: 1844, watu 28, Rochdale, kisha hufuta, akaendelea na somo la hisa. Sisi nasi tulikariri hivyo miaka mingi, wala hatukupata kujiuliza kama mji huo una mto au una kilima, au kama watu wake wa leo wanakula nini. Ulikuwa kwetu neno la mtihani.

Basi mji upo. Uko yapata maili kumi kaskazini-mashariki ya Manchester, mahali nchi inapoanza kupanda kuelekea milima ya Pennines, na wenyeji wake wazidi laki moja kidogo. Tangu mwaka 2014 mtu aweza kupanda tramu Manchester akashuka katikati ya mji. Mvua ya kule si kama yetu, yenye ngurumo na haraka. Hunyesha taratibu kutwa nzima, kama karani ahesabuye senti. Tulipoilalamikia, mwenyeji wetu alicheka akasema kwamba mvua hiyo ndiyo iliyowalisha babu zake. Hewa ikiwa kavu, uzi wa pamba hukatika mashineni. Ikiwa na unyevu, uzi hushika. Hivyo mvua ya milimani, pamoja na maji ya vijito na makaa ya mawe yaliyochimbwa karibu, ndizo zilizovuta viwanda mahali pale. Kwanza ulikuwa mji wa sufu, hasa kitambaa cha flaneli, halafu pamba ikatawala.

Tulitarajia kuona dohani nyingi zikitoa moshi. Siku zake zimepita. Viwanda vingi vimebomolewa, vingine vimegeuzwa maghala, na kilima ambacho picha za zamani zakionyesha kikiwa kimefunikwa na moshi, leo waweza kukitazama mpaka kileleni. Hata mto wenyewe, uitwao Roch, ulikuwa umefichwa. Mwanzoni mwa karne ya 20 waliufunika kwa madaraja yaliyounganishwa moja kwa moja hata ukawa barabara pana, na watu wakapita juu yake miaka mingi bila kuuona. Mwaka 2016 waliufunua tena katikati ya mji, na chini ya saruji likaonekana daraja la mawe la zamani sana, lililojengwa kabla hapajakuwapo kiwanda hata kimoja. Tulisimama hapo tukatazama maji. Si mto mkubwa. Simiyu wakati wa masika waweza kuumeza ukasahau kwamba umeumeza.

Kitu cha kwanza apelekwapo mgeni ni Jumba la Baraza la Mji. Hapana budi tukiri kwamba ni jumba zuri kupita yote tuliyoyaona katika safari ile. Lina mnara wa saa wenye urefu wa futi 190, madirisha ya vioo vya rangi, sakafu za vigae vya nakshi, na ndani ya ukumbi mkubwa ukuta mzima umechorwa habari ya mfalme wa Uingereza akitia muhuri hati ya haki za raia, mwaka 1215. Lilifunguliwa mwaka 1871. Mnara wa kwanza uliungua kwa moto mwaka 1883, wakajenga huu wa sasa. Jumba lote lilifanyiwa matengenezo makubwa, likafunguliwa tena Machi 2024, na ndiyo sababu tulilikuta liking'aa kama sahani mpya.

Lakini sisi, kwa tabia yetu ya wajumbe wa kamati ya fedha, tuliuliza gharama. Tukaambiwa kwamba walipotangaza shindano la wachoraji wa ramani walikusudia kutumia pauni 20,000. Jengo lilipokwisha lilikuwa limekula zaidi ya pauni 150,000. Mmoja wetu aliandika hesabu hiyo katika daftari lake akaipigia mstari mara mbili. Bwana Mwenyekiti anajua kwa nini, na wanaokumbuka ghala letu la pili wanajua pia.

Nyuma ya jumba hilo kuna ngazi za mawe, zaidi ya 120, zipandazo mpaka kanisa la Mtakatifu Chad juu ya kilima. Wazee wa mji husimulia kwamba mawe ya msingi yaliwekwa kwanza bondeni, na kila usiku mashetani wakayapandisha kilimani, hata watu wakakubali kujenga huko huko. Tulipofika juu tukihema tuliwaonea huruma mashetani hao. Lakini mtu asiache kupanda, kwa maana kutoka hapo mji wote huonekana, na ndipo mwenyeji wetu alipotuonyesha kwa kidole njia ndogo upande wa pili wa bonde, akasema, “Mliyoijia ni ile.”

Njia hiyo yaitwa Toad Lane. Barabara kubwa ya magari imeikata, na mtu asipojua aweza kuipita. Hapo, nambari 31, pana jengo la matofali lenye ghorofa, ambalo hapo kale lilikuwa ghala. Tangu mwaka 1931 ni makumbusho. Tuseme kweli: tuliposimama mlangoni tulishikwa na haya kidogo, kwa kuwa tulikuwa tumetazamia kitu kikubwa zaidi. Chumba chenyewe ni kama duka la kijiji chochote kati ya Magu na Bariadi. Mna ubao uliolazwa juu ya mapipa kuwa meza, mizani, magunia machache, siagi, mishumaa. Basi.

Hapa tunaomba subira yenu, maana hapa tulikaa kutwa nzima.

Katika miaka ile ya 1840 mshahara wa mfumaji wa flaneli ulikuwa mdogo, nao uliendelea kupunguzwa. Waligoma wakashindwa. Vyakula walivyonunua vilikuwa vimeghoshiwa: unga ulichanganywa chokaa au vumbi la mawe ili uwe mweupe na mzito, na majani ya chai yaliyokwisha kutumika yalikaushwa yakauzwa tena. Mizani ilikuwa ya mwenye duka, na deni pia lilikuwa la mwenye duka. Aliyedaiwa hakuweza kulalamika juu ya mizani, wala hakuweza kwenda duka jingine. Mabibi na mabwana, mzee gani hapa anahitaji kuelezwa jambo hilo zaidi? Sisi sote tumepata kusimama mbele ya mizani ya mnunuzi na kapu letu la pamba, tukiona mshale umesimama mahali usipopaswa, tukanyamaza kwa kuwa mbegu na dawa tulikuwa tumezichukua kwake.

Lisilosemwa katika semina ni hili: watu wa Rochdale hawakufaulu mara ya kwanza. Mwaka 1833 walifungua duka la ushirika katika njia hiyo hiyo ya Toad Lane, nambari 15, hatua chache tu kutoka hapo. Lilikufa baada ya miaka miwili hivi. Halikuuawa na adui. Lilikopesha wanachama wake, wanachama hawakulipa, mtaji ukaisha. Baadhi ya watu waliolizika duka lile ndio hao hao waliofungua la pili mwaka 1844, nao walikuwa wamekwisha kujifunza. Sharti lao la kwanza likawa fedha taslimu: hapana kukopa, hata kwa mwanachama, hata kwa kiongozi.

Fedha yenyewe waliikusanya kwa shida. Kila mtu alitoa pensi mbili kwa juma, baadaye tatu, na wakusanyaji walizunguka nyumba kwa nyumba siku ya Jumapili. Zilipofika pauni 28 walipanga chumba cha chini cha ghala lile kwa pauni 10 kwa mwaka. Jumamosi jioni, tarehe 21 Desemba 1844, usiku mrefu kupita wote wa mwaka kule kwao, waliondoa mbao za madirisha. Ndani mlikuwa na siagi ratili 28, sukari ratili 56, unga wa ngano kama kilo 300, gunia la unga wa oti na mishumaa. Watoto wa viwandani walijaa njiani kuwacheka. Mwanzoni duka lilifunguliwa jioni mbili tu kwa juma, Jumatatu na Jumamosi, kwa kuwa waliouza walikuwa wamechoka na kazi za mchana. Muuzaji, Samuel Ashworth, alikuwa kijana wa miaka 19.

Tulisimama nyuma ya ubao ule tukajaribu mizani. Mlinzi wa makumbusho alitueleza neno ambalo tumelitafakari tangu siku ile. Unga safi ulipoletwa, baadhi ya wanachama hawakuupenda. Ulikuwa na rangi ya hudhurungi. Walikuwa wamezoea unga mweupe wa chokaa, nao waliuona ule wa kweli kuwa ndio mbaya. Walipoanzisha kinu chao cha kusaga mwaka 1850 shida hiyo ilizidi, na kinu kilianza kwa hasara. Palikuwa na wajumbe waliotaka kifungwe. Wengine waliuliza kama haifai kuchanganya kidogo tu ili kumpendeza mnunuzi. Hawakuchanganya. Wake kwa waume walielezwa nyumba kwa nyumba unga safi una rangi gani, hata wakaizoea.

Tumetaja wake. Katika mwezi wa Machi 1846 aliandikishwa mwanamke mmoja, Eliza Brierley, mwanachama wa kwanza wa kike, mwenye hisa yake na kura yake. Wakati ule sheria ya Uingereza ilimhesabia mume karibu mali yote ya mke. Sheria ya kuwapa wake walioolewa haki ya mali yao haikukamilika mpaka mwaka 1882. Kwa hiyo katika chumba kile chenye mapipa, mwanamke alikuwa na haki asiyokuwa nayo nje ya mlango. Twawaomba viongozi wa vyama vya msingi watazame madaftari yao ya wanachama, wahesabu ni majina mangapi ya wanawake yaliyomo, kisha wahesabu ni wanawake wangapi waliopalilia pamba msimu uliopita.

Kwa wapendao hesabu, nazo ziko ukutani pale. Mwisho wa mwaka 1845 walikuwa wanachama 74 na mauzo ya pauni 710. Mwaka 1850 walikuwa 600. Mwaka 1860 walikuwa 3,450, na mauzo yalipita pauni 152,000. Ziada iligawanywa kwa kadiri ya kila mtu alivyonunua, wala si kwa wingi wa hisa zake, na sehemu mbili na nusu katika kila mia zilitengwa kwa elimu. Ghorofani juu ya duka waliweka chumba cha magazeti na maktaba. Sisi tulikaa katika chumba hicho cha juu tukala mikate yetu.

Mnaweza kuuliza kwa nini waliongezeka kwa haraka hivyo baada ya 1849. Jibu halimo katika uhodari wao peke yake. Mwaka huo iligunduliwa kwamba benki ya akiba ya mji, ambamo maskini na watumishi walikuwa wameweka senti zao, ilikuwa imeibiwa zaidi ya pauni 70,000 na mtu aliyeiendesha, mwenye kiwanda, aliyeheshimiwa na wote. Aligunduliwa alipokwisha kufa. Wadhamini walikuwa waungwana wakubwa, nao hawakuwa wametazama daftari. Basi watu waliookoa kidogo wakaenda Toad Lane, ambako hesabu zilisomwa kwa sauti mbele ya wanachama kila robo mwaka. Hakuna nguzo wala jiwe la kumbukumbu la habari hiyo ambalo sisi tuliliona. Kama tungekuwa watu wa Rochdale tungeliweka.

Kutoka hapo tulielekea makumbusho ya mji, lakini jengo lilikuwa katika matengenezo, tukaonyeshwa picha tu ya kitu tulichokitaka. Ni pipa la unga. Kati ya mwaka 1861 na 1865 palikuwa na vita huko Marekani, na majimbo ya kusini, yaliyolima pamba kwa mikono ya watumwa, yalizingirwa na meli za kaskazini. Pamba haikufika Lancashire. Viwanda vilisimama, na maelfu kwa maelfu ya wafanyakazi walikaa bila ujira. Walakini wengi wao walikataa kuiomba serikali yao iwasaidie wenye watumwa ili pamba irudi. Na mbunge John Bright, mzaliwa wa Rochdale na mwenye viwanda vya pamba yeye mwenyewe, alinena kwa nguvu kuupinga utumwa. Mwaka 1863 meli iitwayo George Griswold ilileta unga kutoka Marekani kuwa msaada kwa watu wenye njaa wa Lancashire. Pipa lililohifadhiwa Rochdale ni moja la mapipa hayo.

Jambo hilo latuhusu kuliko tulivyodhani. Hofu ya kukosa pamba haikuwatoka watu wa Lancashire. Mwaka 1902 wenye viwanda na wafanyakazi wao waliunda jumuiya ya kuhimiza pamba ilimwe katika makoloni, na mbegu zikaletwa Uganda, nazo zikasambaa kando ya ziwa letu. Kwa hiyo tulipokuwa tukitazama picha ya pipa lile tulikuwa tukitazama sababu mojawapo iliyomfanya babu apewe mbegu na kuamriwa alime. Yeye hakuambiwa habari za pipa. Wala wale waliosokota pamba yake hawakuambiwa habari zake.

Wa kati yenu wapendao mitambo wasikose kwenda Ellenroad, karibu na kijiji cha Newhey, mwendo mfupi kutoka mjini. Kiwanda cha kusokota kilichokuwapo kilibomolewa mwaka 1985, lakini nyumba ya injini na dohani yake viliachwa. Ndani mna injini ya mvuke yenye nguvu za farasi 3,000, na gurudumu lake lina uzito wa karibu tani 80. Lilizungushwa kamba nene zilizopanda kila ghorofa na kuzitia mwendo mashine zote. Wazee wanaojitolea huiwasha katika siku maalumu, na kwa bahati njema tulifika Jumapili mojawapo. Gurudumu lilianza polepole, bila kelele, kisha sakafu ikaanza kutetemeka chini ya viatu. Wazee wale wakapangusa mafuta kwa matambara ya pamba. Tuliuliza: mashine zilizozungushwa na injini hii ziko wapi? Wakasema, ziliuzwa, nyingine zikavunjwa vyuma. Injini inafanya kazi vizuri sana, nayo haizungushi kitu.

Mfereji wa Rochdale tulipita kandokando yake tu. Ulifunguliwa mwaka 1804 ili kuvusha mizigo juu ya milima, ukafungwa mwaka 1952, ukafunguliwa tena wote mwaka 2002 kwa mashua za starehe. Ziwa la Hollingworth, lililochimbwa ili kuupa mfereji huo maji, lilikuwa mahali pa mapumziko ya wafumaji wasioweza kulipa nauli ya kwenda baharini, hata wakaliita bandari ya wafumaji. Ni pazuri, pana bata wengi, na chai ni ghali.

Sasa twaja kwenye kitu cha mwisho, ambacho hakimo katika kijitabu chochote cha wageni tulichopewa, nacho ndicho tulichokitazama kwa muda mrefu baada ya Toad Lane. Karibu na katikati ya mji yamesimama majengo saba marefu ya makazi, yaliyojengwa katika miaka ya 1960, ambayo watu huyaita Dada Saba. Yaonekana kutoka kila upande. Kila moja lina jina lake, na moja laitwa Mitchell Hey.

Jina hilo lilikuwa la kiwanda. Mwaka 1854 wanaushirika wa Rochdale, walipoona duka linastawi, walianzisha chama cha kusokota na kufuma pamba, na baadaye wakajenga kiwanda chao Mitchell Hey. Kanuni yao ilikuwa kwamba faida igawanywe kati ya wenye hisa na wafanyakazi wenyewe, kila mtu kwa kadiri ya kazi yake. Lakini kiwanda si duka. Chahitaji mtaji mkubwa. Basi wakauza hisa kwa kila aliyetaka kununua. Watu wa nje wakanunua, kwa sababu faida ilikuwa nzuri. Wengi wa watu hao hawakuwa wamefanya kazi hata siku moja mle ndani, wala hawakujua kwa nini mfanyakazi agawiwe faida juu ya mshahara. Mwaka 1862, katika mkutano halali, kwa kura zilizohesabiwa sawasawa, waliifuta kanuni hiyo. Waanzilishi walipiga kura zao za hapana, wakashindwa. Hakuna aliyeiba. Hakuna sheria iliyovunjwa. Kiwanda kiliendelea kusokota pamba, ila hakikuwa tena kile walichokijenga.

Wanachama wenzetu, shauri la kiwanda chetu cha nyuzi limo katika ajenda ya mkutano mkuu ujao, na ndani ya shauri hilo kuna kifungu cha kuwauzia hisa watu wasio wakulima. Sisi tuliotumwa hatukutumwa kuwaambia mpige kura gani. Sisi watatu wenyewe hatukubaliani: mmoja wetu asema bila mtaji wa nje pamba yetu itaendelea kupelekwa ng'ambo ikiwa ghafi mpaka wajukuu wazeeke, wawili wasema hisa za nje ziwepo bila kura, au zisiwepo. Lakini sote watatu twakubaliana kwamba kifungu hicho kisisomwe haraka haraka saa kumi na moja jioni watu wakiwa wanatazama magari.

Kuhusu majengo yale yale liko neno jingine, nasi tungeweza kulificha ili tusiutie mji ule doa, lakini tuliahidi kusema tuliyoyaona na tuliyoyasikia. Majengo hayo ni ya chama cha nyumba ambacho tangu mwaka 2012 kimekuwa mali ya wapangaji na wafanyakazi wake, kwa kufuata kanuni zile za ushirika, katika mji ule ule wa ushirika. Mwenye kupanga aweza kuwa mwanachama na kuchagua wawakilishi. Mwezi wa Desemba 2020, katika mtaa mwingine wa nyumba za chama hicho, alikufa mtoto wa miaka miwili. Mchunguzi wa vifo alitamka mwaka 2022 kwamba sababu ilikuwa ukungu uliojaa katika kuta za nyumba yao. Wazazi walikuwa wamelalamika tangu mtoto hajazaliwa. Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mwaka 2023, inayowalazimu wenye nyumba kama hizo kushughulikia hatari za namna hiyo kwa muda uliowekwa.

Mwenyeji wetu, mama wa makamo ambaye babu zake walikuwa wafumaji, alitusimulia hayo tukiwa tumesimama chini ya jengo la Mitchell Hey, mvua ikinyesha kama kawaida yake. Tulimuuliza: chama kilikuwa na wawakilishi wa wanachama? Akasema, walikuwapo. Kilikuwa na kanuni? Akasema, nzuri sana, zimechapwa. Tukamuuliza basi malalamiko yalipelekwa wapi. Hakujibu upesi. Akatuuliza yeye: kwenu, mkulima akisema mizani ina kasoro, anamwambia nani, na huyo naye anamwambia nani, na inachukua siku ngapi?

Bwana Mwenyekiti, tulijaribu kumjibu pale pale, tukaanza kuhesabu kwa vidole: karani wa chama cha msingi, katibu, kamati, mkaguzi, ofisi ya Umoja. Tulifika kidole cha tano tukanyamaza.

Picha tulizopiga, pamoja na nakala ya kanuni za mwaka 1844 tuliyonunua pale makumbusho kwa fedha zetu wenyewe, tumeziacha ofisini kwa karani mkuu, katika kabati la kushoto. Stakabadhi za nauli na malazi zimo ndani ya bahasha hiyo hiyo. Mwanachama yeyote atakaye kuzitazama aje siku yoyote ya kazi, hana haja ya kuandika barua.